Mita Mia Tatu na Arobaini

Zamu ya usiku. Pongwe, nyuma ya shamba la mkonge.
Naandika kwa tochi.
Utakayepokea asubuhi, usicheke:
mtambo wa kufua umeme unaandikiwa ripoti kwa tochi.

Korona ilisaga mpaka saa kumi jioni.
Singa zikaenda kwenye kamba zake, kuanikwa.
Makapi yakashuka shimoni kwetu,
yakachacha, yakatoa gesi, gesi ikaingia kwenye injini,
injini ikanguruma dakika tisa za majaribio,
tukaizima.
Umeme tumeufua.
Kamba ya kuuanika ndiyo hatuna.

Toka mlango huu hadi laini kubwa kando ya barabara
ni mita mia tatu na arobaini.
Nimezihesabu kwa miguu, mvua ikininyeshea.
Mpimaji wa kwanza alipata hizohizo,
akaupaka rangi nyekundu mkorosho wa Mama Singano: huu ukatwe.
Miezi kumi na minne baadaye akaja wa pili,
akapata mia tatu thelathini na nane,
na faili likarudi mwanzo
kutafuta mita mbili zilikopotelea.
Mkorosho umezaa misimu miwili
na rangi yake kifuani.

Na ile mita nyingine, ya kupimia tutakachouza,
wanasema iko bandarini.
Tanga ina bandari. Nilikwenda.
Haipo.

Barua yetu ya Machi ilijibiwa Septemba:
laini imejaa, kituo cha kupozea umeme kimeelemewa,
subirini upembuzi.
Siku ileile mgao uliikata Muheza
tangu magharibi hadi alfajiri.
Sechonge aliisoma mara mbili, akaikunja ndogo,
akaisokomeza chini ya mguu wa meza inayoyumba.
Meza sasa imetulia.
Tusiseme barua haikufaa kitu.

Gesi haijui kusubiri.
Ikizidi tunaichoma kwenye bomba refu,
na abiria wa mabasi ya usiku, wakitokea Segera,
hunyoosha vidole dirishani:
tazama, wenzetu wamewashiwa!
Chini ya moto huo Mwanakombo hukaanga mihogo.
Haulizi habari za kilowati,
anauliza tu kama kesho tutachoma tena.
Nikamwambia, omba Mungu tusichome.
Akanitazama kama mtu niliyemuombea njaa.

Dizeli iliyotumika leo: lita kumi na moja,
za pampu, ili shimo lisilale.
Tunanunua moto dukani
kuulinda moto tulionao.

Mbwana wa getini amechukua nusu ya ukurasa huu
bila ruhusa, kwa wino wa kijani:

*Nguzo sita zimelala, ya saba haijafika,*
*Na mchwa waanza kula, hati bado zazunguka,*
*Mtambo hauna hila, moto wake unawaka,*
*Umeme wetu kutoka, wangoja saini gani?*

Mizani imetimia. Nguzo hazijatimia.
Sijaufuta.

Kitu kimoja sitakiandika kwenye ripoti ya mwezi.
Saa nane usiku niliiwasha injini, peke yangu, dakika moja.
Nikaunga balbu moja kwa waya mfupi,
nikaitazama.
Haikuwa na kosa lolote.
Mwanga wake ulifika kwenye buti zangu, kwenye ndoo,
kwenye jina la fundi aliyelichora sakafuni saruji ikiwa mbichi,
akaweka na mwaka.
Mwaka ule mwanangu alikuwa hajaota meno.
Juzi ameng'oka la kwanza.

Makabidhiano.
Funguo: tatu.
Tochi: moja, betri zimechoka.
Nguzo: sita. Chini ya ile ya pembeni kuna kuku anaatamia,
usimsumbue.
Umeme: upo,
vilevile kama jana.

Zawadia Kihiyo, saa kumi na moja na nusu.